Kosa la Wimbo wa Nne

Jumatatu, 6 Aprili 1987

Nakala kumi na mbili za kaseti leo. Kichwa cha mashine kilichafuka tena, nikakisafisha kwa pamba na spiriti. Mvua saa nane mchana. Duka likajaa watu wasionunua kitu.

Mzee Zablon, mwenye duka, ameleta daftari jipya, akafunga kalamu kwa uzi na kuliweka juu ya kaunta. Kwenye jalada ameandika MAONI YA WASIKILIZAJI. Ni kwa ajili ya kaseti ya kwanza ya vijana wa bendi ya Stima Mpya. Tarehe ishirini na saba wanapanda treni kwenda Nairobi, kampuni ya muziki iwarekodie upya nyimbo zote nane na kuzisambaza nchi nzima. Kabla ya hapo wanataka kujua watu wanasema nini, warekebishe.

Kaseti haina gitaa hata moja. Ni vinanda viwili vya umeme, mashine ya ngoma, na Felix anaimba. Kinanda cha pili anapiga Dan, mtoto wa Mama Dan, mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Migosi. Nafasi hiyo ilikuwa ya mwanangu Okoth. Mwezi wa nane itakuwa mwaka mmoja tangu tumzike.

Sijaisikiliza. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nimeinakili zaidi ya mara mia na sijaisikiliza. Tunanakili kwa kasi kubwa, na kwa kasi hiyo sauti hutoka kama vifaranga, kwa hiyo huwa tunafunga sauti. Naangalia mshale wa kipimo cha sauti tu. Mteja akitaka kupima nakala yake kabla ya kuondoka, nampigia mwanzo wa wimbo wa kwanza, kisha naenda nyuma kujifanya natafuta boksi.

Jumatano, 8 Aprili

Daftari lina kurasa nne tayari. Watu wa Kisumu wana maneno.

Mwalimu mmoja: "Nani amekula gitaa? Arudishe."

Kondakta: "Ngoma hii haichoki. Sisi wachezaji ndio tutakufa."

Mtu asiyejiandika jina: "Nilipiga kaseti, mke wangu akazima. Nikawasha. Akazima. Tumegombana siku mbili. Wimbo wa pili ni mzuri sana."

Mzee wa kwaya kasema kinanda cha kanisani kimetoroka kikaenda baa. Msichana wa shule akajibu chini yake kwamba afadhali kimetembea.

Na fundi baiskeli wa Kisian, kwa herufi kubwa: "WIMBO WA NNE, BARABARA YA KISIAN. MASHINE YA NGOMA INAKOSEA PAHALI PAMOJA KILA MARA. MASHINE INAKOSEAJE? MIMI NI FUNDI. ANGALIENI."

Wengi wanasifu. Hilo ndilo linaloniuma. Wanamsifu Dan kwa jina. Vidole vya Dan. Dan ana kipaji.

Ijumaa, 10 Aprili

Asubuhi kwenye bomba, mwanamke wa mlango wa kwanza alimwita Mama Dan kwa jina jipya: Mama Stima. Wote wakacheka, naye akacheka, akasema, "Niacheni, mimi ni mama wa mtu wa kawaida." Lakini shingo ilikuwa imesimama.

Mimi bado wananiita Mama Okoth. Hawajui waniite nani mwingine.

Jioni Mama Dan alianika nguo za onyesho la Jumamosi. Mashati ya kung'aa, rangi ya samawati. Moja lina kitufe cha pili kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Nilikishona mimi. Uzi mweupe ulikuwa umeisha na Okoth alikuwa na haraka.

Shati hilo ni la mwanangu. Niliwapa mwenyewe, pamoja na mashine ya ngoma, wiki moja baada ya mazishi. Nilisema chukueni hivi vitu, sitaki kuviona. Ni kweli nilisema. Sasa naviona kila siku, vikidondosha maji kwenye kamba ya mtu mwingine.

Kamba yangu ina nguo zangu tu.

Nina wivu. Si huzuni. Huzuni naijua, nimekaa nayo miezi minane. Hiki ni kitu kingine, kina joto.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimefanya jambo.

Mchana Mzee Zablon alienda kula. Hakukuwa na mteja. Nikachukua kalamu ile ya uzi kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane, nikaandika: "Kaseti ni nzuri lakini mashine ya ngoma kwenye wimbo wa nne ina kosa. Inaudhi. Irekebishwe. Msikilizaji, Mamboleo."

Sikujua niseme nini kingine, sijaisikiliza kaseti. Nilichukua lalamiko la fundi wa Kisian nikalivalisha nguo nyingine.

Mkono wa kushoto una herufi za mtoto. Okoth alikuwa anatumia kushoto. Darasa la kwanza mwalimu alijaribu kumgeuza, hakuweza.

Nilitegemea kuona aibu. Niliona raha kidogo, kisha njaa.

Jumanne, 14 Aprili

Nyingine mbili. Moja nimejifanya mwanaume mwenye hasira: "Hawa vijana wanachezea pesa za wazazi wao. Hata ngoma hawawezi kuipanga." Nyingine nimejifanya mama mpole anayewaombea. Wote wawili wanalalamikia wimbo wa nne.

Mvua kubwa jioni. Okoth alizaliwa kwenye mvua kama hii, ndiyo maana ya jina. Nimekumbuka kidole chake. Alikuwa na miaka tisa. Nilibeba sufuria ya uji kwa mikono miwili, nikafunga mlango wa jikoni kwa mguu. Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kilikuwa kwenye bawaba. Hakulia. Aliniangalia tu, kama mimi ndiye niliyeumia. Kilipona kikiwa kimepinda.

Alikuwa na tabia ya kupiga meza kwa vidole akisubiri chai. Nilikuwa namkataza.

Alhamisi, 16 Aprili

Wimbo wa nne umekuwa habari ya mji. Ndivyo watu walivyo. Ukimwambia mtu pana kosa, atalisikia. Wateja wanaingia, wanasoma daftari, wananunua nakala, kesho wanarudi kuandika kwamba ni kweli, hata wao wamelisikia. Wengine wanalitetea. Leo wawili walibishana mbele yangu, karani wa posta na kijana wa karakana.

"Hapo ngoma inachechemea," karani alisema. "Kama mtu aliyevaa kiatu kimoja."

"Ndiyo utamu wenyewe, Bwana. Wewe umezoea kucheza kama unapiga muhuri."

Mzee Zablon alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa naangalia mshale.

Nimeongeza mbili. Zangu sasa ni tano.

Jumapili, 19 Aprili. Pasaka

Kanisani mchungaji alimwomba Mama Dan asimame. Akasema kijana wa nyumba hii anapeleka jina la Kisumu Nairobi, tumwombee safari. Makofi. Nilipiga makofi. Mikono yangu ilipiga, niliiangalia ikipiga.

Mwaka jana Pasaka ni Okoth aliyepiga kinanda hapo mbele. Dan alikuwa anakunja waya.

Baada ya ibada Mama Dan alinishika mkono, akaniuliza kama nina mafuta ya kupikia, ana ya ziada. Nikamwambia ninayo. Sina. Nilikula mboga za kuchemsha kwa kiburi.

Jumatatu, 20 Aprili

Duka limefungwa. Nimefua shuka mbili. Nilimsikia Dan akifanya mazoezi kupitia kuta, kinanda tu. Nikawasha redio, taarifa ya habari, kwa sauti kubwa.

Jumanne, 21 Aprili

Mbili zaidi. Jumla saba. Mkono wa kushoto umezoea, sasa mwandiko unaanza kuwa mzuri. Nikaacha, kwa sababu hiyo.

Jumatano, 22 Aprili

Felix na Dan walikuja dukani kuangalia daftari. Walilisoma wakiwa wamesimama. Felix alikuwa anahesabu malalamiko ya wimbo wa nne kwa vidole, vikamwishia. Alisema basi, wasikilizaji wameongea, hatuwezi kwenda Nairobi na kosa ambalo hata mama wa maombi amelisikia.

Mama wa maombi ni mimi.

Felix alitoka nje kuzungumza na Mzee. Dan alibaki. Alikuwa anakwepa macho yangu. Ana uso wa kitoto bado.

"Mama, ile ngoma ya wimbo wa nne. Felix anataka tuifute kwenye mashine tupige nyingine. Wewe unaonaje?"

"Mimi ni wa kunakili tu. Fanyeni vile wasikilizaji wanataka."

"Una uhakika, Mama?"

"Nina uhakika."

Alisimama kwa muda. Alikuwa kama anasubiri niongeze kitu. Kisha akasema ahsante, akaenda. Nilifurahi kumwona ameinamisha kichwa. Naandika ukweli, nilifurahi.

Ijumaa, 24 Aprili

Sijui nianze wapi.

Saa nne asubuhi aliingia mama anayeuza dagaa wa omena sokoni, na beseni lake. Nikamtolea nakala. Nikataka kumpimia wimbo wa kwanza kama kawaida. Akasema hapana. "Nipimie wa nne. Watu wote wanasema una kilema. Nataka kukiona kabla sijachukua."

Mzee Zablon alikuwa pale. Sikuweza kukataa. Nikapeleka kaseti mbele, nikasimamisha, nikafungua sauti. Kinanda kikaanza. Kisha ngoma.

Moja, mbili. Tatu ikachelewa. Nne.

Moja, mbili. Tatu ikachelewa. Nne.

Niligeuka kutafuta jiko. Dukani hakuna jiko. Mwili ulijua kabla yangu, ulikwenda kuangalia kama chai imechemka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa anapiga meza. Kidole kilichopinda kilifika nyuma ya vingine kila mara. Miaka kumi nilimsikia akisubiri chai hivyo. Hata nikiwa nje naanika nguo nilijua ni yeye ndani, si mgeni. Nilikuwa namwambia, acha kelele, meza itachoka.

Wimbo ukaisha. Nikaurudisha.

"Mama, nimeshasikia, inatosha," mwenye omena alisema.

"Mimi bado."

Aliniangalia, akaweka beseni chini. Tulisikiliza mara tatu. Nikamwambia Mzee Zablon naumwa, nikatoka bila mwavuli.

Nilimkuta Dan mlangoni kwao akifunga waya kwa mpira. Nikamwuliza ngoma ya wimbo wa nne alipanga nani. Alishangaa. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mashine ina kumbukumbu, ina betri ndogo ndani. Nilipowapa mashine baada ya mazishi, walikuta humo mapigo ambayo Okoth aliyaingiza kwa vidole vyake mwenyewe. Yalihifadhiwa humo kwa namba saba. Hawakutaka kuyagusa. Walitunga wimbo mzima juu yake. Dan hubonyeza kitufe tu.

"Tulidhani unajua, Mama. Unaisikia kila siku pale dukani."

Nikamwambia msifute.

Alikaa chini kwenye ngazi.

"Tulifuta jana. Ulisema tufanye vile wasikilizaji wanataka. Nilidhani inakuumiza. Nikasema labda umechoka kuisikia."

Sikuweza kumwambia. Nilisema sawa, mwanangu. Nikaingia kwangu nikafunga mlango.

Nilipewa nafasi ya kumsikia mtoto wangu, mara mia na zaidi, nikafunga sauti.

Jumamosi, 25 Aprili

Sikulala vizuri. Asubuhi niliomba daftari kwa Mzee Zablon. Akaniambia chukua. Nadhani anajua. Anaujua mwandiko wa kila mtu anayefanya kazi kwake, wa mikono yote miwili.

Nilikwenda kwa Mama Dan saa nane. Felix alikuwepo, na Dan. Mashine ilikuwa mezani, kwenye kitambaa. Nikafungua daftari nikaonyesha kwa kidole. Hili ni langu. Na hili. Na hili. Saba.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Hata huyu wa pesa za wazazi?" Felix aliuliza.

"Huyo pia."

"Huyo alininyima usingizi, Mama. Nilimwandikia baba yangu barua ya kuomba msamaha."

Dan hakuniangalia. Mama Dan alikuwa ameshika kikombe. Alisema, "Na huyu msikilizaji wa Mamboleo? Mimi kila nikipita pale namlaani."

"Nisamehe."

"Sasa laana zimekuja kwako, na sikuwa nimezipa anwani." Hakuwa anacheka. Kisha akasema, "Ungekuja kuniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unanichukia."

"Sikuchukii. Nakuonea wivu."

Alifikiria. Alisema hata yeye amekuwa nao. Miaka mitatu Dan wake alibeba waya za Okoth, na mimi nilikuwa napita hapa uani nimeinua kichwa, sisalimii mpaka nisalimiwe. Alisema alipokuwa akiona mashati yale kwenye kamba yangu alitamani mvua inyeshe.

Sikujua. Sikuwahi kufikiria kwamba nilikuwa na kitu cha kuonewa.

Akasema jambo moja zaidi, akiangalia kikombe. Kwamba Okoth alipokufa, pamoja na kulia, alifikiri, sasa ni zamu ya Dan. Alifikiri hivyo siku ile ile. Amekuwa akiniletea chakula tangu siku hiyo.

Sikuondoka.

Dan alijaribu kuyarudisha mapigo. Kaseti ya kwanza, ile ninayonakilia, niliibeba mfukoni. Tuliipiga kwa redio kaseti yake, akasikiliza, akabonyeza. Mara ya kwanza yalitoka safi mno. Akachelewesha la tatu. Yakawa kama mlevi. Akajaribu tena, mara kumi, mara ishirini, ulimi nje. Vidole vyake vimenyooka. Hana pa kuchelewea.

"Jaribu wewe, Mama," Felix alisema.

Niliweka mkono wa kushoto. Vitufe vya mpira, vidogo, laini. Mwanangu aliviminya hivi. Nikapiga kama ninavyomkumbuka. Walirudisha tukasikiliza. Nilijua kabla haijaisha. Ilikuwa mtu anayemwigiza mtu anayechechemea, kama watoto wanavyofanya nyuma ya mgonjwa.

Nikasema acheni. Nendeni Nairobi na ile safi.

Felix alisema wanaweza kuahirisha, au kuuacha wimbo huo nje. Nikakataa. Wimbo ni mzuri. Nilisema hivyo, na ni mara ya kwanza nasema neno lolote juu ya wimbo wao.

Nilipokuwa natoka Mama Dan alinipa mafuta ya kupikia kwenye chupa. Nikayapokea.

Jumatatu, 27 Aprili

Niliwasindikiza stesheni. Nusu ya Migosi ilikuwepo. Dan alikuwa amevaa lile shati. Nilimwita pembeni nikamkaza kitufe cha pili, kilikuwa kinalegea. Nilibeba uzi wa samawati mfukoni kwa makusudi, kisha nikatumia mweusi.

Bado nina wivu. Treni ilipoondoka na Mama Dan akapunga mkono, uliniingia tena, ule ule, wa joto. Nilidhani kukiri kungeuondoa. Umepungua upana tu.

Alhamisi, 30 Aprili

Fundi wa Kisian alikuja. Nilimtambua kwa mikono, mafuta meusi mpaka kwenye kiwiko. Alitaka daftari. Nikamwambia vijana wameshasafiri, kosa lake limerekebishwa, kaseti mpya itakuwa safi.

Hakufurahi nilivyotegemea. Alisema ameipiga kaseti kwenye banda lake wiki tatu na sasa akiwa anakaza njiti za gurudumu anajikuta anachelewa hapo hapo. "Sasa nikinunua hiyo safi, mimi ndiye nitakuwa na kosa."

Nikamwuliza kama kaseti yake bado nzima. Akasema tepu imeanza kukwaruza. Nikamnakilia nyingine. Kwa kasi ya kawaida, sauti ikiwa wazi. Kaseti nzima ni dakika arobaini na sita. Alikaa kwenye benchi akasubiri, hakuuliza kwa nini inachukua muda.

Wimbo wa sita ni mzuri pia. Sikuwa najua.

Jumatano, 13 Mei

Barua ya Dan imefika kwa Mama Dan, akanisomea uani. Wamemaliza kurekodi. Nairobi kuna baridi. Mtu wa studio aliwaambia mashine yao ya ngoma ni ya zamani, akawapa nyingine ya kutumia. Dan ameuliza hali yangu mwishoni, kabla ya kumwuliza mama yake kuhusu kuku. Mama Dan alilisoma hilo mara mbili, akaniangalia, akasema, "Umeona? Wewe kwanza, kisha kuku. Mimi sipo." Nilicheka. Yeye alicheka baadaye kidogo.

Dukani sasa nanakili kwa kasi ya kawaida. Nakala nne au tano kwa siku badala ya kumi na mbili. Mzee Zablon alilalamika siku ya kwanza. Siku ya pili alisogeza kiti chake karibu na spika. Wateja waliozoea haraka wanakwenda duka la ng'ambo ya barabara. Wanaobaki wanakaa.

Ile kaseti ya kwanza nimeileta nyumbani, Mzee amebaki na nakala nzuri. Nimevunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Hata mimi.

Leo kabla ya kufunga duka nimeandika kwenye daftari. Mkono wa kulia, mwandiko wangu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimebaki mbili.

"Wimbo wa nne. Mapigo ni ya mwanangu Okoth. Pigo la tatu linachelewa kwa sababu ya kidole chake, na kidole ni kwa sababu ya mlango nilioufunga mimi. Sina la kurekebisha. Mama Okoth, Migosi."

Nimefika nyumbani kabla ya mvua. Nimeweka chai jikoni. Nimeweka kaseti mezani, pale alipokuwa anakaa, nikaiacha icheze kutoka mwanzo bila kuiruka. Upepo wa ziwa umeanza. Wimbo wa nne ulipofika nilikuwa nimesimama kati ya jikoni na chumba, mkono kwenye mlango, nimeushika usijifunge.

Chai ikachemka ikamwagika. Nikaiacha.